Msomaji Mmoja wa Mumiani wa Steina

Steinvör, tunayemwita Steina, alipoandika kitabu, hakuna aliyeshangaa. Mji wetu hauna nyumba ambamo hajatoka mtu wa kuchapisha kitu, hata kama ni mashairi ya kumsifu farasi wake. Kilichotushangaza ni kwamba kitabu kilichekesha. Steina mwenyewe, nikuambie ukweli, hachekeshi hata kidogo. Miaka ishirini na mbili amekaa kwenye kibanda cha kioo juu ya bwawa la kuogelea, filimbi shingoni, akiangalia watu wasizame, na uso wake ni wa mtu anayengoja simu kutoka hospitali. Mimi niko chini mlangoni, nakata tiketi. Huwa nashinda naye, kwa hiyo ninayoyasema nimeyaona.

Kitabu chenyewe ni cha mumiani, yule mwenye joho na meno marefu. Anapanda meli asiyojua iendako na kushushwa kwetu kaskazini mwezi wa Juni, wakati jua halizami hata usiku, na jua kwake ni kifo. Masikini wa Mungu! Inambidi ajifungie miezi miwili katika chumba cha chini cha mzee mmoja, akiishi kwa soseji za damu ya kondoo anazoiba kwenye friji ya mzee. Yule mumiani ni mtu wa adabu, anaosha vyombo. Aliyeleta balaa ni mzee.

Mzee huyo anapima kahawa kwa kijiko na kukisawazisha kijiko kwa kisu. Viatu vyake anavibandika kwa gundi ya boti. Anaongea zaidi na injini kuliko anavyoongea na watu. Kabla hujafika ukurasa wa kumi ushamjua: ni Arnkell, kaka yake Steina, fundi wa injini pale bandarini. Na kuna ukurasa mmoja ambao mji mzima uliukariri. Mzee anamzika mkewe macho makavu, kisha anamwuliza mchungaji kama maua yanaweza kurudishwa dukani. Jioni yake mumiani anashindwa kujizuia, anamng'ata shingo, halafu anatema na kusema, "Hii damu ni baridi kuliko yangu!"

Nami nilicheka, sitakataa. Kisha nikanyamaza, kwa sababu Bergljót, mke wa Arnkell, alifariki kweli, miaka mitatu iliyopita, na kweli Arnkell alikaa kanisani bila hata kupenga kamasi.

Nilimwuliza Steina mapema, mwezi wa Septemba, kitabu kikiwa bado kwa mchapishaji. "Umemwonyesha kaka yako?"

"Arnkell hasomi riwaya. Anasoma vitabu vya injini tu."

Hapo ndipo alipokosea, tena kosa la kijinga kwa mtu aliyezaliwa hapa. Kwetu mtu hachagui atakachosoma Krismasi. Mkesha wa Krismasi kila mtu anapewa kitabu, na ukishapewa na jirani huwezi kukitupa pembeni, maana kesho kutwa mtakutana naye bwawani na atakuuliza umefika wapi.

Siku mbili kabla ya Krismasi Dagmey, mwenye duka la vitabu, alikuja kuogelea akiwa amejaa furaha. "Steina, kitabu chako kinakwenda kama mkate! Na watu wana vituko, jamani. Nimekifunga mara nne kwa karatasi ya zawadi, zote ni za Arnkell."

Steina alishika mlango. "Nne?"

"Kila mmoja anadhani ni yeye peke yake aliyewaza utani huo."

Tangu saa ile hakula vizuri. Aliniambia wazi kwamba anaogopa. Wazazi wao walishakufa, yeye hakuolewa, Arnkell hakupata mtoto. Wamebaki wawili. Kila mwaka, siku ya pili ya Krismasi, Arnkell huenda kwake kula nyama ya kondoo iliyokaushwa kwa moshi. Mwaka huu Steina alipika, akaandaa sahani mbili, akapata ujumbe kwenye simu: "Nina mafua. Kula tu." Arnkell hajawahi kuugua mafua tangu nimfahamu.

Tarehe ishirini na saba tulifungua bwawa, na watu wakamiminika. Nje kuna vyungu, ndivyo tunavyoita yale mabeseni makubwa ya maji moto ya ardhini, na mtu akishatumbukia mle mpaka shingoni anasema lolote, awe diwani au mvuvi. Steina alikuwa amechuchumaa ukingoni anapima klorini, nami nilikuwa nawapelekea watu kahawa. Kumwona mwandishi hapo hakukumfunga mtu mdomo. Kuliwafungua.

"Mimi nina swali la kitaalamu," alisema Torfi, daktari wa meno mstaafu. "Yale meno hayana tundu. Damu inapita wapi?"

"Torfi, yule ni mumiani, si mgonjwa wako!" alisema Ólína, aliyetufundisha sote kusoma. "Steina, mpenzi, mimi nimekipenda. Ila sura ya saba umeivuta mno. Nilisinzia nikaangusha chokoleti."

"Ya saba ndiyo bora!"

"Kwako wewe, kwa sababu ina daktari wa meno."

"Ina daktari wa meno mjinga. Nimeumia, lakini nimevumilia."

Wakacheka. Ólína akafuta macho. "Lakini ule ukurasa wa mazishi! Mume wangu alicheka mpaka keki ikamtoka puani. Baridi kuliko yangu! Kweli kikulacho ki nguoni mwako."

Nilitamani kumzamisha Ólína kichwa, ingawa ndiye aliyenifundisha irabu. Steina alimwaga maji ya kichupa chake cha kupimia kabla hajasoma rangi. Aliuliza kwa sauti ya chini, "Kuna aliyemwona Arnkell?"

Hapo ndipo wakakumbuka kwamba wanamcheka kaka yake. Torfi akaanza kuzungumzia upepo.

Arnkell huja bwawani kila asubuhi tukifungua, mvua, theluji, hata siku ambayo shule imefungwa kwa dhoruba. Tarehe ishirini na saba hakuja. Ishirini na nane hakuja. Mara mbili Steina aliniomba niangalie kwenye mashine ya kadi, labda amepita bila yeye kumwona. Nilimwambia aende akamgongee mlango. "Nikienda nitasema nini?" alinijibu. "Nikisema samahani, nimekiri kwamba ni yeye. Nisiposema, nimefanya nini?" Alikuwa na hasira na kila aliyemsifu. Gazeti la mji mkuu liliandika kwamba huyu ni mcheshi mpya wa kaskazini, Steina akalitia kwenye pipa la taka.

Tarehe ishirini na tisa, mapumziko ya mchana, alinivuta twende wote dukani kwa Dagmey. Siku hizo dukani kuna fujo, maana zawadi zote zina kibandiko cha kubadilishia, na aliyepata vitabu viwili vya aina moja anarudisha kimoja. Mwandishi mwenye akili hakanyagi pale mpaka Januari ipite. Juu ya meza palikuwa na rundo, na juu ya rundo, yule mumiani na joho lake.

"Hivi si vibaya," Dagmey alisema haraka. "Watu walipewa viwili viwili, ndiyo sababu."

"Arnkell?"

Dagmey alipanga kalamu ambazo zilikuwa zimepangika. "Alikuja jana."

"Amerudisha?"

"Vinne."

"Vyote vinne?"

"Vyote. Amechukua viwili vya injini, kimoja cha ndege, na ramani."

"Alisema nini?"

"Alisema asante. Si unamjua mwenyewe."

Tulitoka. Steina alisimama kwenye barafu bila kofia. "Nimempoteza," alisema. "Nimemuuza kaka yangu watu wacheke keki ziwatoke puani." Nilimwambia maji yakimwagika hayazoleki, nikajuta papo hapo, maana hayakuwa maneno ya kumwambia mtu aliye katika hali ile.

Kesho yake, kama saa tano asubuhi, jua limetoka kuchungulia, Arnkell aliingia na taulo begani. Aliweka kadi kwenye mashine. "Yupo?"

"Yupo juu," nilisema.

Nilichukua birika la kahawa tunayowapelekea watu nje, nikamfuata. Usinihukumu, kahawa hupelekwa kila siku. Alipotumbukia kwenye chungu, Torfi na Ólína walisogea upande mmoja kama watoto waliovunja sahani. Steina alikuwa ameshamwona, akashuka kutoka kwenye kibanda, akasimama ukingoni mwa chungu na viatu vyake vya plastiki.

"Endeleeni," Arnkell aliwaambia. "Nimesikia hapa panatolewa maoni ya vitabu."

"Arnkell," Steina alianza. "Umekisoma?"

"Novemba. Nilikinunua mwenyewe siku kilipotoka."

"Novemba! Na ulikuwa unakuja hapa kila asubuhi, unanipungia mkono?"

"Nilikuwa nimekipenda. Kijiko cha kahawa, kweli. Gundi ya viatu, kweli. Nikasema, sawa, Steina amenichora, lakini nani mwingine atanijua? Basi nikakaa nacho kama siri yetu. Halafu Krismasi nafungua zawadi ya kwanza, mumiani. Ya pili, mumiani."

"Ya tatu ilikuwa yangu," Torfi alisema, maji yakimfika kidevuni.

"Najua, uliandika jina. Ndipo nikaona mji mzima umenijua. Nikaona haya kutoka."

"Nisamehe," Steina alisema, na machozi yalikuwa yanamtoka bila kujificha.

"Ngoja, sijatoa maoni yangu. Kitabu kizuri. Mumiani ni mtu mwema. Ila ule ukurasa wa mazishi una kosa."

"Najua."

"Hujui. Umesema mzee hakulia. Nililia, Steina. Mwaka mzima. Hapa hapa bwawani, mstari wa tatu wa kuogelea, na miwani yangu ya majini. Naanza kulia ukuta huu, nikifika ukuta ule nimemaliza, nageuka naanza tena. Mtu aliyelowa, nani atamjua?"

Ólína aliweka mkono mdomoni. Mimi nilibaki na birika. Mwaka ule nilikuwa nikipanda kibandani mara kwa mara, na Steina alikuwa akiniambia kwa furaha kwamba kaka yake amepona, kwamba hajawahi kumwona akiogelea vizuri namna ile.

"Wakichapa tena," Arnkell alisema, "mpe yule mzee machozi kidogo. Kidogo tu, bado nina majirani."

Steina alipiga magoti kwenye saruji iliyolowa, na suruali yake ya kazi. "Lakini nilikuwa nakuona," alisema. "Kila asubuhi nilikuwa nakuona."

"Ulikuwa unaangalia nisizame, dada yangu," alisema Arnkell. "Sikuzama."