Niliishtaki ofisi ya takwimu ya kisiwa cha Pasifiki, kumbe ofisi yenyewe ni mama mmoja

Wakuu, heshima kwenu wote.

Ninachoandika hapa kimenitokea mimi mwenyewe, sijasimuliwa na mtu wala sijaongeza chumvi. Nimekaa nacho muda mrefu kwa sababu kinaniaibisha, lakini leo nimeamua kukitoa.

Niko Guangzhou kwa udhamini, nasoma uzamili wa uchumi. Kwetu Morogoro. Umri unakimbilia arobaini, na tabia yangu moja mbaya ni kuchemka haraka. Hilo mlijue mapema, maana ndilo lililoniponza.

Mwaka wa pili supervisor akatugawia nchi za kufanyia utafiti. Jamaa mmoja wa Kenya akapata nchi kubwa ya Amerika Kusini. Mimi nikapewa kisiwa kidogo huko Bahari ya Pasifiki.

Jina la nchi sitalitaja. Watu wake ni wachache kiasi kwamba nikitaja nchi nimeshamtaja mtu.

Mkenya alicheka mpaka akakaa chini. "Buda, hiyo si uchumi, hiyo ni ploti! Ukitaka data pigia caretaker."

Kwao ploti ni nyumba za kupanga za uani mmoja, na caretaker ndiye mwangalizi wake. Nikaanza kazi.

Takwimu zao ziko mtandaoni bure na zimepangwa vizuri: bei za madukani, bajeti ya serikali, leseni za uvuvi, fedha wanazotuma mabaharia wao, bidhaa zinazoingia kwa meli. Kusema kweli nilianza kuzipenda. Kwenye nchi kubwa namba ni namba tu. Huku unaona kabisa kwamba meli ilichelewa, mchele ukapanda bei, halafu meli ikafika na mchele ukashuka.

Sasa kwenye jedwali la bidhaa zinazoingia, nikakuta robo mwaka moja imekaa vibaya. Mstari wa vitambaa umeruka mara kadhaa ya kawaida yake, na robo iliyofuata ukarudi chini kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kwenye fani yetu namba ya hivyo tunaiita outlier, yaani imejitenga na wenzake na inakuvurugia hesabu yote. Ukithibitisha kwamba ni kosa la uandishi, unaifuta na maisha yanaendelea.

Mimi nikajiridhisha kwamba kuna mtu kaongeza sifuri.

Chini ya jedwali kulikuwa na barua pepe ya maswali. Nikaandika kwa adabu. Wiki ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Tarehe ya kuwasilisha rasimu inakaribia na supervisor ananiuliza kila Jumatatu.

Nikachemka.

Nikaandika ya pili, kali, kwamba namba ile ni kosa la uandishi na ifutwe. Nikasema idara yenu haiko makini na namba zenu zinapotosha wasomi. Na ili nijibiwe upesi, nikaweka nakala kwa katibu mkuu wa wizara yao, maana anwani yake ilikuwa kwenye tovuti. Kichwani nilikuwa naona jengo la ghorofa, vitengo, makarani wanakunywa chai.

Siku tatu baadaye nikajibiwa na mwanamke. Hapa nitamwita Mama Lusi, si jina lake.

Aliomba radhi kwanza. Alikuwa visiwa vya mbali anahoji kaya moja moja, na huko mtandao hakuna. Kisha akanieleza kwa upole kwamba hiyo idara ni yeye. Bei za madukani anakusanya yeye, karatasi za forodha anasoma yeye, majedwali anapanga yeye.

Namba ile ni sahihi, akasema, ameihakiki tena. Ila sababu yake hawezi kuniambia. Aliapa kazini kwamba pale mwagizaji anapokuwa mmoja tu, hatasema lolote litakaloonyesha biashara ya mtu huyo.

Mwishoni kabisa, bila lawama, akagusia kwamba katibu mkuu ameagiza jedwali liondolewe mtandaoni mpaka ajieleze kwa maandishi. Na mkataba wake, ambao ulikuwa usainiwe upya mwisho wa mwezi, umesimamishwa kwanza. Akanitakia masomo mema.

Wakuu, niliisoma ile barua nikiwa kantini na chakula kikanishinda. Angenitukana ningepona. Mama wa watu anapoteza kazi kwa ajili yangu, na kujitetea hawezi, kwa sababu kujitetea kwenyewe ni kuvunja kiapo.

Nilimwandikia katibu mkuu kwamba nimeondoa malalamiko. Hakujibu. Na alikuwa na haki yake, maana mimi ndiye niliyesema namba ni ya uongo, na kunyamaza kwangu hakuifanyi iwe ya kweli. Ilibidi niipate sababu mwenyewe, isitoke mdomoni mwa Mama Lusi.

Jumamosi huwa namsindikiza soko la vitambaa la Zhongda Bi Mwanaidi, mfanyabiashara wa Unguja anayechukua vitambaa kwa kontena. Mimi namtafsiria Kichina, yeye ananilisha. Siku hiyo nilitafsiri ovyo. Laoban mwenye duka anataja bei hii, mimi nasema nyingine, na nusura Bi Mwanaidi alipie mara mbili.

Akanivuta pembeni, tukakaa juu ya majora.

"Una nini weye leo? Mbona umepooza hivyo?"

Nikamweleza yote. Akataka kuliona jedwali. Nilikuwa nimelihifadhi kwenye simu kabla halijaondolewa, basi nikamtafsiria mstari kwa mstari, nikidhani ananiliwaza tu.

"Watu wangapi huko?"

Nikamwambia.

"Na vitambaa vyote hivi vimeingia kwa mpigo?"

"Ndiyo, Bi."

"Uzi wa cherehani je? Mchele? Sukari?"

Nikaangalia. Vyote vimepanda, robo ileile. Sikuwahi hata kuvitazama, kwa kuwa havikuruka kiasi cha kustua kompyuta.

Bi Mwanaidi akacheka mpaka laoban akageuka. "Mwanangu, umesoma ukapitiliza! Sare hii! Hawa walikuwa na shughuli, wamevaa nchi nzima."

Nilijiona mjinga. Mama yangu ana sanduku zima la sare za shughuli za watu. Dada zangu waliwahi kununiana miezi kwa sababu ya rangi ya sare ya harusi ya mdogo wetu. Nimekulia humo humo, halafu nimekuja huku ninaiita kosa la uandishi.

Nikamwambia basi itakuwa harusi ya mkubwa fulani. Akafikiri kidogo.

"Ulevi umepanda?"

Nikatafuta mstari wa pombe. Haukupanda, ulikuwa umeshuka kidogo.

"Basi si harusi," akasema, na sauti ilikuwa imepungua. "Hapo walikuwa wakimlilia mtu."

Sijui niseme nini kuhusu mama huyu. Hajakaa darasa la takwimu hata siku moja.

Mchana uleule nikarudi bwenini nikaanza kutafuta. Kwenye ukurasa wa wazi wa kanisa moja la huko nikakuta picha. Watu wamejaa uwanjani, vikongwe, wachanga, wanaume wenye vitambi, wote wamevaa kitambaa kimoja cha buluu chenye maua meupe, wamezunguka kaburi lenye jiwe jipya.

Maelezo yalisema wanaanua matanga, mwaka mmoja tangu afariki mtangazaji wa redio aliyewasomea salamu, safari za meli na tanzia kwa muda mrefu wa maisha yao. Kamati ya kina mama iliagiza kitambaa kwa kila kaya. Tarehe ikaangukia robo ileile.

Hiyo ni habari ya hadharani. Hakuna siri ya duka la mtu hapo.

Nikamwandikia katibu mkuu upya, nakala kwa supervisor wangu, na picha nikaambatanisha. Nikasema namba ni sahihi, aliyekosea ni mimi, na ofisa wenu alilinda kiapo chake hata kilipokuwa kinamgharimu kazi. Nikaomba radhi kwa jina langu kamili.

Siku tano nilifungua ukurasa wao asubuhi na jioni, mtupu. Siku ya sita jedwali likarudi, na ile namba ikiwa palepale.

Kisha ikaja barua ya Mama Lusi. Mkataba amesaini. Akanishukuru kuliko nilivyostahili.

Halafu akasema kwamba kwa kuwa nimeyajua mwenyewe, yapo mambo anaweza kuniambia kama mtu, si kama ofisa. Yule mtangazaji alikuwa mama yake mzazi. Siku ya kuingiza ile namba alizipitia karatasi za forodha mara tatu, kwa hofu kwamba huenda mkono wake umeiongeza kwa mapenzi. Haukuwa umeongeza kitu. Watu walikuja kweli wengi kiasi hicho.

Nililia, wakuu. Sioni aibu kulisema. Nilikuwa nimemwandikia mtoto wa marehemu, tena kwa ukali, kwamba heshima aliyopewa mama yake ni kosa la uandishi na ifutwe.

Nilipomsimulia Bi Mwanaidi, alisimama hapo hapo akaanza kuchagua kitambaa cha kumpelekea. Nikaomba anwani. Mama Lusi akakataa kwa upole, akasema ofisa wa takwimu hapokei zawadi kutoka kwa mtumiaji wa takwimu.

"Kalelewa huyo," Bi Mwanaidi akasema, akakirudisha kitambaa kwenye rafu.

Siku ya kutetea tasnifu niliulizwa kwa nini sikuiondoa ile robo, wakati inaharibu matokeo. Nikajibu kwamba robo ile nchi nzima ilivaa kwa ajili ya mama mmoja, na kama hesabu yangu haiwezi kumbeba, kasoro ni ya hesabu yangu. Walinipunguzia alama kidogo. Siwalaumu, na jibu langu silibadilishi.

Nilichojifunza ni kwamba kabla hujaandika barua kali, jiulize nani ataifungua. Unaweza kudhani unagombana na ofisi, kumbe unagombana na mtu mmoja ambaye ana msiba wake.

Na hapa naomba kuwasikia ninyi mlioko kwenye kazi za data, mabenki, hospitali, bodi za mitihani. Kuna namba mliwahi kuifuta, halafu mkaja kujua ilikuwa ya nani? Andikeni hapo chini, nitasoma kila moja.