Njugu Mawe za Afisa

Wanawake wengi huuza vitafunio kule Oli, mtaa wa mji wa Arua, Uganda, lakini njugu mawe za kuchemsha alikuwa nazo mwanamke mmoja tu, jina lake Afisa. Alizilima shambani kwa wakwe zake, kijijini Ludara, akazileta Arua kwa magunia, akazichemsha na chumvi kidogo mpaka zikawa laini na tamu.

Mumewe, Sule, alikuwa mfyatuaji wa matofali kando ya mto. Mtu wa miraba minne, mpenda utani, na mpenda mandazi kupita kiasi: asubuhi matano, mchana soda, jioni matano mengine. Basi akaanza kukonda, akawa anakunywa maji kama mchanga. Zahanati walipompima wakakuta sukari imepanda sana. Muuguzi akampa vidonge, akamwambia mandazi na soda basi tena. Afisa akauliza, "Sasa njaa ikimshika kazini atafune nini?"

"Si wewe ndiye unauza njugu mawe?" muuguzi akasema. "Hizo nzuri. Zinashibisha, zinajenga mwili, na sukari haipandi ghafla kama anapokula mandazi. Lakini asizidishe, na vidonge asiache."

Afisa aliyashika maneno hayo kama amana. Kila siku alimfungia Sule njugu zake, za chumvi haba, akampelekea mtoni, akamtazama akizila badala ya mandazi. Miezi ikapita, nguvu zikamrudia. Sule akawa anajigamba kwa kila mtu pale mtoni, hata kwa Étienne, Mkongo aliyekuja kununua matofali.

"Angalia mimi! Dawa yangu iko bibi yangu. Njugu yake tu!"

Afisa alicheka mpaka akaficha uso. Tangu aolewe hakuwahi kusifiwa hivyo mbele za watu. Tangu hapo akawa anawaita wateja kwa sauti, "Njugu ya afya! Njugu iliyomwinua Sule!" Watu wakaja, wengine kutoka Pajulu, nje ya mji.

Siku moja, walipokuwa wakichoma tanuru, Sule alikanyaga kaa la moto. Hakusikia kitu. Alitembea nalo ndani ya kandambili yake hadi Étienne alipouliza hiyo harufu inatoka wapi. Sule akacheka, akasema ngozi yake ni ya kijeshi, maana baba yake alikuwa askari. Kidonda akakifunga kitambaa. Mkewe alipouliza, akasema amejikwaa kidogo.

Homa ndiyo iliyomuumbua. Afisa alikifungua kile kitambaa, akaona mguu umekuwa mweusi mpaka kifundoni. Hospitali daktari alipima sukari, akashangaa ilivyopanda. "Sukari imeua hisia za miguu. Huyu mzee anatumia dawa kweli?"

"Anatumia," Afisa alijibu haraka. "Mimi mwenyewe namwambia kila asubuhi."

Sule akageuzia uso ukutani. Daktari alipoondoka, akasema polepole, "Mama, ile dawa mimi natupa. Siku mingi."

"Unatupa wapi?"

"Kwa choo. Ilikuwa inasumbua tumbo. Na mimi nasikia mwili iko sawa."

"Kwa nini hukuniambia, Baba Zaina?"

"Wewe ulikuwa na furaha sana. Kila mutu anajua njugu yako imeniponya. Mimi nikasema, wacha iponye."

Afisa alitaka kumgombeza, akaacha. Akamshika mkono tu.

Walimkata mguu, lakini sumu ilikuwa imekwisha kuingia kwenye damu. Zaina, binti yao aliyeolewa Koboko, alimkuta baba yake bado ana joto, lakini hana pumzi. Wakamzika Ludara.

Afisa akakaa eda kule kwa wakwe. Msimu wa kung'oa njugu ukafika, majani yakanyauka, asiinuke. Wifi yake Kiden alikuja akaketi karibu naye.

"Wifi, njugu zitaoza."

"Zioze. Mimi nimemuua ndugu yako na mdomo wangu."

"Usiseme hivyo. Njugu haikumuua. Ilimpa nguvu, sisi wote tuliona. Aliacha dawa mwenyewe."

"Aliacha kwa ajili yangu," Afisa alisema. Kiden akainuka. Alichukua jembe akaenda kung'oa mwenyewe, huku analia.

Eda ilipokwisha, Afisa alirudi Oli, kwa kuwa lazima mtu ale. Akachemsha njugu zilezile alizong'oa Kiden, akaketi mahali pake, ila hakuita tena. Anguyo, fundi cherehani na mteja wake wa zamani, akaja akitabasamu.

"Pole na msiba, mama. Nipe vikombe viwili. Hata mimi sasa niko na sukari, hii ndiyo dawa yangu."

Mkono wa Afisa ulisimama juu ya beseni. "Vidonge umekunywa leo?"

"Za nini? Si niko na njugu?"

"Hii chakula, Anguyo. Chakula nzuri, lakini si dawa. Nenda nyumbani kunywa dawa kwanza."

Anguyo alidhani ni utani. Alipoona hacheki, alikasirika, akasema mwanamke gani huyu anafukuza pesa, akavuka barabara kununua mandazi. Afisa alimwita mara mbili, asigeuke. Akajifunika uso kwa leso, akalia palepale mbele ya watu, huku wateja wakimtazama, vikombe mikononi.