Ulimi wa Shangazi

Shangazi yangu alikuwa mwonjaji. Usicheke, kazi hiyo ilikuwepo, na ndiyo iliyotulisha. Mtama ukifika magotini alipita mstari kwa mstari, anakata kipande cha jani changa, anatafuna, anatema. Mche mchungu aliufunga uzi mwekundu, ndio uje utoe mbegu. Uchungu ule ni sumu ya mmea wenyewe, inayowafukuza viwavi majani yakiwa bado laini. Mtama ukikomaa sumu inapungua, nasi tunakula. Mche mtamu aliung'oa bila huruma, na aliyebisha aliambiwa akatafune mwenyewe.

Mwaka ule homa ilimlaza wiki tatu. Alipoinuka, nilimpa chai niliyoitia chumvi kwa makosa badala ya sukari. Alimaliza kikombe, akasema leo umejitahidi. Nilionja mabaki nikatema chumvi, naye akaniona. Kesho yake akaingia shambani na uzi wake, akatafuna, akatema, akafunga, huku akiwatania vibarua kama kawaida. Nilijua anabahatisha. Mficha maradhi kifo humuumbua, na pale tulikuwa wafichaji wawili. Nilinyamaza kwa woga tu. Sina cha kujitetea.

Msimu uliofuata baba, mdogo wake, alipanda mbegu ile shamba zima. Akiba ya mbegu za zamani aliwagawia majirani, maana dada yake hajawahi kukosea.

Mtama uliota mzuri mno. Shangazi aliacha kwenda shambani, akisingizia miguu. Asubuhi moja tulikuta nondo wa kijivu, vipepeo wa usiku wanaozaa viwavi, wamejaa ukutani mwa ghala, na baba akasema wanapita tu. Baada ya wiki mbili tulisimama ukingoni mwa shamba tukawasikia viwavi wakitafuna, sauti kama mvua ndogo. Kwa majirani mtama ulisimama mzima, kijani kitupu.

Baba akaagiza shangazi aitwe. Alipofika, baba alichuma jani, akamwomba aonje.

Alitafuna taratibu, sisi sote tukimtazama mdomo. "Chungu," alisema.

Baba akachukua kipande kilichobaki, akatafuna, akameza. "Tamu, dada. Tamu kama muwa."

Shangazi akakaa chini palepale kwenye udongo. Akasema ulimi wake ulikufa na ile homa, naye akaona aibu kusema. Sijawahi kumwona mdogo vile, na nilitamani ardhi inimeze.

"Nani mwingine alijua?" baba aliuliza.

Shangazi aliniangalia. Kisha akasema hakuna.