Akiba ya Rangi Mbili

Xiaobei nzima, mtaa wa Waafrika mjini Guangzhou, China, walimwita Mama Agape, na wengi wa waliomwita hivyo hawakuwahi kumwona huyo Agape. Jina lake la ubatizo ni Albina, mzaliwa wa Bukoba, mnunuzi wa viatu kule soko la Liuhua. Watu walidhani mtoto yuko kwa bibi yake anasoma, naye hakuwasahihisha. Akiitwa sokoni, "Mama Agape, njoo uone hivi vya ngozi," aliitika "Abee" upesi, kama anayeogopa jina lisidondoke chini.

Jumamosi mchana aliacha viatu vyake, akapanda ghorofa ya pili juu ya mgahawa mmoja wa barabara ya Huanshi Zhonglu. Humo wafanyabiashara wa Tanzania na Kenya walikodi chumba cha shule, watoto wao wasije wakasahau Kiswahili. Albina hakuwa mwalimu, aliishia darasa la saba. Lakini kila juma aliomba nusu saa afundishe habari ya dawa, tena wazazi wakiwepo, maana si mtoto anayeshika ufunguo wa kabati.

Somo lenyewe lilikuwa mchezo. Watoto kumi walisimama wakawa wadudu wa ugonjwa. Albina alikuwa na kidonge kikubwa alichokikata kwa karatasi ya manila ya mtaa wa Yide Lu, upande mwekundu, upande mweusi, mfano wa zile rangi mbili, vidonge vya antibiotiki ambavyo kwetu havikosekani kwenye begi la msafiri. Kila alipokiinua, mdudu mmoja aliketi. Walipobaki watatu alikiweka mfukoni.

"Homa imeshuka, nimeacha dawa. Hawa watatu ndio wabishi. Kila mbishi aite ndugu zake."

Walioketi waliinuka wakicheka, wote sasa wabishi. Kisha akauliza, "Rangi mbili ya jirani?" Wakajibu kwa lile "hakuna" la Kichina, la wenye maduka wasio na mzigo unaoutaka: "Meyo!"

Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, Evaline wa Arusha alikuja na mwanawe Derick, miaka sita, amevaa sweta na joto lote lile. Alikuwa na homa, na mkojo ulikuwa ukimchoma. Evaline alifungua pochi, akatoa pakiti iliyokatwa nusu.

"Usihangaike, Mama Agape. Ninazo sita, zilibaki mwezi wa kwanza."

"Zilibakije?"

"Si alipona? Akiba haiozi."

Albina alishika ukingo wa meza. "Mpeleke hospitali wampime mkojo. Hizo usimpe."

"Hospitali ya hapa? Nipange foleni tangu asubuhi, daktari simwelewi, hanielewi, na kesho kutwa kontena linafungwa. Wewe ni wa viatu, mama. Udaktari umeupata kwenye soli?"

Wazazi wakacheka. Hata Albina alitabasamu kidogo, maana alikuwa na fahari yake na hakutaka kuonekana ameumia. Evaline alishaanza kutafuta maji ya kumpa mtoto. Ni Derick aliyeuliza, kwa sauti ya mgonjwa.

"Mama Agape, na Agape alikunywa rangi mbili?"

Angeweza kusema hapana. Miaka kumi na moja amesema hapana kwa kunyamaza.

"Alikunywa, baba," alisema. "Alikuwa na miaka saba. Mkojo ulimchoma kama wako. Nikampa nne, homa ikashuka, zilizobaki nikazifunga kwenye kitambaa. Nikasema akiba haiozi. Homa iliporudi nikampa tena mbili tatu, nikafunga tena. Mara ya tatu haikushuka. Hospitali walijaribu dawa hii na ile, wadudu wote walishakuwa wabishi. Siku ya tisa, ndiyo yake ya mwisho, akaniuliza, 'Mama, zile za kwenye kitambaa zimekwisha?' Alidhani nimemnyima."

Evaline aliiweka pakiti mezani, akambeba mwanawe, akashuka ngazi bila kuaga.

Derick alilazwa siku tano. Walimpima mkojo, wakachagua dawa inayowafaa wadudu wale, na Evaline akampa hadi kidonge cha mwisho, ijapokuwa mtoto alikuwa ameanza kurukaruka tangu siku ya tatu. Kontena liliondoka bila mzigo wake.

Juma lililofuata Evaline alileta machungwa. "Shikamoo, dada Albina," alisema, macho chini.

Dada Albina. Kwa huruma tu, nakwambia, si kwa ubaya; nani tena angethubutu kuligusa lile jina? Habari ikashuka hadi Liuhua. Baada ya siku chache, kwenye safu nzima ya viatu, alikuwa dada Albina, mama Albina, dada wa viatu. Kila mtu akijihadhari asimtoneshe kidonda, na kila mtu akimchukulia kile kidogo alichobaki nacho.

Aliendelea kufundisha. Pakiti ya Evaline sasa alikuwa akiionyesha darasani, vidonge sita mle mle. Siku moja alipokuwa anawapanga wadudu, Derick akamwita toka nyuma, "Mama Aga—" na Evaline akambana mkono.

Albina alikwisha kuitika.

"Abee," alisema, akabaki amegeuka, anangoja amaliziwe.