Sukari ya Mpishi wa Jamu

Siku daktari aliponiambia nina kisukari, ile aina ya pili inayotupata watu wazima, sikumuuliza kama nitakufa. Nilimuuliza kama nitaendelea kupika jamu. Akaniangalia juu ya miwani, akacheka, akasema kupika nipike, ila kulamba basi. Akaniandikia vidonge, akaniambia nipunguze ugali, niache chai ya sukari, nitembee, na nijipime nyumbani mara kwa mara. Kutembea hakukunitisha. Sisi wa milimani huku Lushoto, hata kwenda kuazima kiberiti kwa jirani ni kupanda na kushuka.

Jamu ndiyo iliyonitia wasiwasi. Kila msimu wa mafyulisi, matunda yanapoiva mpaka ngozi yake yenye vinyweleo inabanduka yenyewe, jiko langu la nyuma hunukia tangu asubuhi. Chupa zangu zimefika Tanga, zimefika Dar, na watu wasionijua kwa jina wananijua kwa jamu. Na jamu ninayoijua mimi hupimwa kwa kidole. Unadondosha tone kwenye sahani baridi, unapitisha kidole katikati. Njia ikibaki wazi, unaepua. Ikijifunga, unaongeza kuni. Kisha, bila hata kufikiri, kidole unakilamba. Nimekilamba kidole hicho tangu nilipoolewa.

Mume wangu ni mkulima wa kabichi na mzee wa kanisa. Ni mtu wa haki mno, mpaka inachosha. Ndoa za watu zikiyumba, yeye ndiye huitwa kusuluhisha, na huko anasifika kwa kusikiliza pande zote mbili. Kwa hiyo kijana wetu anayefanya kazi kwenye chai kule Bulwa aliponiletea mashine ya kupimia sukari, baba yake aliipokea kama amekabidhiwa sadaka. Akaifunga kwenye kitambaa, akaiweka kabatini pamoja na Biblia. Kunitoboa kidole ilikuwa kazi yake, maana mimi nikiona sindano nafumba macho na kumwita mama yangu, aliyekwisha kufariki.

Tukapanga mambo. Mimi nitapima jamu kwa kidole na kujifuta kwenye khanga, yeye ataonja kwa niaba yangu. Kazi hiyo aliikubali haraka sana. Siku nyingine alionja jamu ambayo ilikwisha onjwa.

Miezi ya kwanza tuliendelea vizuri. Nilikunywa chai ya rangi kavu, bila sukari, nikaizoea mpaka nikaanza kujisifu. Makande nilikula kiasi, nikaongeza mboga. Asubuhi mashine ikisoma saba, mume wangu alitangaza kwa sauti ya kusoma matangazo ya ibada. Kisha mafyulisi yakaiva.

Siku ya kwanza ya kupika, jioni alinipima, mashine ikasema kumi na nne.

"Umelamba," akasema.

"Sijalamba."

"Mama, mashine haina sababu ya kukuchukia."

Siku ya pili ya kupika ikawa kumi na tano. Asubuhi zake, saba kama kawaida. Kwa mtu wa haki kama yeye ushahidi ulikuwa umekamilika: siku isiyo na jamu, sukari imetulia, siku ya jamu, sukari imepanda. Nikaapa. Akaniambia nisiape. Nikatafuta barakoa ya zamani, nikapika nimeziba mdomo na pua, jasho linanitiririka, na majirani wakapita wakiuliza kama kuna ugonjwa umeingia. Jioni tukapima. Kumi na sita.

"Utakuwa umelamba kabla ya kuivaa," akasema.

Hapo niliumia, na nataka niseme wazi kwamba niliumia. Ugonjwa niliupokea. Sindano niliipokea. Lakini kuitwa mwongo jikoni kwangu, na mtu niliyezeeka naye, tena kwa upole ule wa kikanisa! Afadhali angefoka. Akaendelea, kwa upole uleule, kwamba anayaogopa macho yangu na miguu yangu, na kwamba ikifika Jumapili sukari bado iko vile, sufuria atawapelekea akina mama wa kanisa, wao ndio wapike. Nikampa kisogo. Sufuria ile nilipewa na marehemu mama mkwe, yaani mama yake mwenyewe.

Ijumaa mvua ilinyesha tangu alfajiri. Kulikuwa na tenga zima la mafyulisi yaliyopondeka ambayo yasingefika keshokutwa, na mume wangu, kwa kuwa shamba halikuingilika, akavuta kigoda akakaa kunisaidia kumenya. Tulimenya mchana kutwa. Aliutazama mdomo wangu kuliko alivyotazama kisu, mpaka akajikwaruza kidogo. Mimi niliubana mdomo, hata kuimba sikuimba. Moto ulikuwa haujawashwa, jamu haijapikwa, hakuna aliyeonja chochote. Tulipomaliza tukajifuta mikono kwenye khanga yangu, yeye upande huu, mimi upande ule, akaenda kuchukua mashine.

Kumi na saba.

Akashusha pumzi ndefu, ile anayoshusha wanandoa wakikataa kupatana. Nami subira ikaniishia.

"Jipime wewe!" nikamwambia.

Akacheka. "Haya. Uone sukari ya mtu asiyeiba."

Akajitoboa kidole bila hata kukunja uso, akaweka damu, akaninyooshea mashine niisome mimi. Nikaisoma. Nikamrudishia aisome mwenyewe. Ishirini na mbili.

Aliitikisa kama mtu anayetikisa redio. Akaitazama kwa jicho moja, kisha kwa jingine. Akakaa kwenye kigoda taratibu. Nilikuwa nimejiandaa kucheka mpaka mbavu ziume, lakini uso wake ulivyoshuka, kicheko kikanikwama.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo, "siku ile daktari alipokwambia, ulijisikiaje?"

Alikuwa hajawahi kuniuliza. Nikamwambia ukweli, kwamba niliogopa, na kwamba nilileta utani kwa sababu niliogopa. Akatikisa kichwa. Nikamtilia chai yangu kavu, akainywa yote bila kulalamika.

Kesho yake asubuhi tukateremka kituo cha afya, yeye amevaa koti la Jumapili. Nesi, binti mdogo aliyenifundisha kujipima mwanzoni kabisa, akatuamkia.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu," tukaitikia. Mume wangu akamweleza kwamba ndani ya nyumba sasa tuko wagonjwa wawili, na mmoja ana hali mbaya.

Nesi akatupeleka kwanza bombani, tunawe kwa sabuni na tukaushe vizuri. Akampima mume wangu: tano. Akanipima mimi: saba.

"Jana mlikuwa mnafanya kazi gani?" akauliza.

"Tulimenya mafyulisi," nikasema.

"Mkanawa?"

"Tulijifuta."

Nesi akafunika mdomo kwa daftari lake. Alipoweza kusema, alisema, "Baba, tone lenyewe la damu ni dogo. Likikutana na maji ya tunda kwenye kidole, mashine inapima vyote. Jana mmepima mafyulisi."

Kunawa alinifundisha, sikatai. Lakini mimi nilifikiri anasema habari za uchafu, na kwetu mkono mchafu ni ule uliotoka shambani una udongo. Mkono uliotoka kwenye matunda, nani anauita mchafu?

Njiani kurudi mume wangu alitangulia. Kila kona alisimama akatazama kabichi za watu kwa makini, hata zile alizokwisha kuziona wakati wa kushuka. Mimi nilikuwa nasubiri neno lake. Mtu anayewapatia wengine maneno ya kuombana radhi mwaka mzima, nilitegemea na kwake limebaki hata moja. Tulifika nyumbani halijatoka.

Nikawasha moto, nikapika yale mafyulisi. Tone likakaa vizuri kwenye sahani, njia ikabaki wazi, nikaepua. Nilipogeuka, nilimkuta amesimama mlangoni na birika la maji ya uvuguvugu, beseni, sabuni, na taulo begani. Nyumbani kwetu mimi ndiye ninayenawisha. Wageni nawanawisha mimi, na yeye kabla ya kila chakula namnawisha mimi. Yeye kuninawisha, sikumbuki.

"Lete mikono," akasema.

Akainama, akamimina. Nilinawa polepole makusudi, kidole kimoja kimoja, mpaka maji yakaisha, akaenda kuongeza mengine bila kunung'unika. Akanikausha kwa taulo. Mashine ilikuwa mezani, ndani ya kitambaa chake. Hakuigusa.

"Umelamba?" akaniuliza.

"Sijalamba."

"Basi nimeamini," akasema, na ndipo akafungua kitambaa.