Kwaresima ya Maman Adélaïde

Kosa la Maman Adélaïde lilikuwa kutangaza. Mbele ya Wakristo wote wa shirika lake, jumuiya ndogo ya Kanisa mtaani Cimpunda, alisema Kwaresima hii ataacha kugombana na watu. Zamani hakuna aliyethubutu kumpita kwenye foleni ya bomba. Sasa kila mwanamke anasogeza bidoni yake ya maji mbele ya zile za Maman Adélaïde. Hata kiongozi wa shirika alisogeza tatu, huku akimtakia Kwaresima njema.

Akaenda kwa Padiri. “Padiri, munibadilishie. Afazali niache nyama.”

“Nyama unakulaka siku gani, maman?”

Akarudi bombani, akapitwa tena, akanyamaza. Ila maneno aliyokuwa anamwambia Mungu moyoni, wale wanawake wangeyasikia, wangemrudishia nafasi yake wenyewe.