Bomu Ndani ya Gunia la Dagaa

Skolastika alikuwa ameikunja kanga ileile mara tatu na bado hakupenda ilivyokaa. Ndani ya mkoba wake mlikuwa na daftari mbili nene za kauntabuku, zimejaa kalamu ya bluu mpaka ndani ya majalada: hadithi ya mdogo wake Alfonsi, ya mpelelezi anayewasaka magaidi waliovusha bomu ziwani. Jumatatu hadithi ilikuwa iende Bunda kupigwa chapa. Leo ni Ijumaa, na Alfonsi alikuwa anamsubiri Butiama na maoni ya wasomaji.

Wasomaji wenyewe ni wanawake kumi na mmoja wanaoanika dagaa mwaloni Mugango, ufukweni panaposhushwa samaki. Skolastika ndiye aliyewasomea, sura kwa sura, wiki tatu, wao wakigeuza dagaa juani. Kazi ya kusomea watu ni yake tangu zamani. Aliishia darasa la saba kule Bukima, lakini muulize yeyote wa rika lake ni nani aliitwa mbele kusoma mgeni akija shuleni. Karo ya sekondari ilipopatikana ya mtoto mmoja, baba akampeleka Alfonsi. Skolastika akaolewa Mugango, na barua za kijiji kizima zikawa zinapita mikononi mwake. Siku mume wa Gaudensia alipoandika kutoka mgodini kwamba ameoa huko, Skolastika alimsomea, "Kazi ni nyingi, mwaka huu sitarudi." Aliona ni huruma. Gaudensia akasubiri miaka sita.

Kwa Alfonsi hakuwa na huruma hiyo. Mwaka themanini na nne mdogo wake alimletea hadithi yake ya kwanza, ya wezi wa ng'ombe. Dada mtu akaisoma mbele ya wageni huku akicheka mpaka akashika mbavu. Siku hiyohiyo Alfonsi alilitia daftari zima kwenye moto wa jikoni, likaungua, na hakuandika tena. Akafundisha, akastaafu, akafiwa na mke. Miaka arobaini. Sasa ameandika, na dada yake tena ana kitu cha kumwambia.

Mwaloni ilikuwa hivi. Mwanzoni waliipenda kabisa, mmoja wao, Rhobi, akisahau hata kugeuza dagaa wake. Kisha wakafika pale gaidi anapoweka bomu ndani ya gunia, chini kabisa, anajaza dagaa juu, gunia linafungwa na kupelekwa Musoma kwenye mkutano.

"Hebu rudi hapo, Mama Gody," Rhobi akamwambia Skolastika. "Bomu liko chini, dagaa juu?"

"Ndivyo alivyoandika."

"Na nani alishindilia?"

Skolastika akautazama ukurasa. Haikuandikwa.

"Mimi nashindiliaga magunia mwaka wa kumi na tisa huu," Rhobi akasema. "Naingia na miguu yote, narukaruka humo. Mwiba wa sangara naujua kwa unyayo. Bomu nisilijue?"

"Lingekurusha mpaka kisiwani Ukerewe," akasema Matrida, mkubwa wao.

"Mume wangu angenifuata huko?"

"Hawezi, anaogopa maji."

"Basi liache lilipuke."

Tangu hapo, kila mara mpelelezi alipohangaika kulitafuta gunia, walicheka. Palipotakiwa kutetemeka, walicheka. Alipowauliza maoni, Matrida alijibu kwa niaba ya wote: "Mwambie ni tamu, ila hajawahi kufunga gunia."

Butiama alifika kabla ya saa sita. Alfonsi alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, ametoa viti viwili uani, na juu ya karatasi nyeupe ameandika MAONI na kupiga mstari chini yake. Mstari ule ulimchoma Skolastika.

"Karibu dada. Kaa."

"Nimekaa sana kwenye pikipiki." Akaenda kuangalia maharage. Akarudi, akaenda kwa kuku.

"Kuku hao uliwaona Pasaka, dada. Wasomaji wamesemaje?"

"Wameipenda."

Alfonsi akaandika.

"Rhobi alisahau dagaa wake."

Hilo nalo akaliandika, polepole, kwa mwandiko wa ubaoni. Skolastika akaona angeweza kuishia hapo, anywe chai, arudi Mugango. Jumatatu kitabu kingekwenda Bunda, kikatoka, na pwani yote ya ziwa ikacheka mwandishi akiwa hayupo. Akamkumbuka Gaudensia barazani kwake, mwaka wa sita, akiuliza kama kuna barua.

"Gunia linashindiliwa, Alfonsi," akasema, akaketi.

Kalamu ikasimama. Akamweleza yote, na vicheko vyao. Hata Ukerewe hakuiacha. Alfonsi akainuka, akachukua kauntabuku zote mbili mkobani mwa dada yake, akaingia jikoni. Skolastika akasikia kuni zinasogezwa.

"Alfonsi. Usifanye hivyo."

Akajisukuma kwa mikono mpaka akasimama, akaenda. Mlangoni wakakutana. Mdogo wake alikuwa ameshika gunia tupu lililokuwa nyuma ya kuni, vumbi limemjaa shatini. Nyuma yake daftari zilikuwa juu ya jiwe la kusagia, salama.

"Ingia," akasema.

"Niingie wapi?"

"Humu. Shindilia nione."

Akaweka sufuria dogo ndani ya gunia, chini, akamwaga magunzi juu yake. Skolastika, na gauni lake la kanisani, akamshika bega, akatia mguu mmoja, kisha wa pili. Akakanyaga.

"Unalisikia?"

"Mpaka ukingo wake nausikia."

Alfonsi akachuchumaa, akaandika kwa muda mrefu. "Jumatatu haiwezekani tena," akasema bila kuinua uso. "Huyo Rhobi ana umri gani?"

"Arobaini na kitu. Kwa nini?"

"Yeye ndiye atakayeligundua. Ila sasa gaidi alifiche wapi, lifike Musoma?"

Skolastika akawaza mapipa ya mafuta, maboya ya nyavu, viti vya harusi vya kukodi. Kwa kila kimoja akamwona mtu anayekishika. Maharage jikoni yakaanza kunukia kuungua, na yeye bado amesimama ndani ya gunia, anatafuta pa kulificha.